Kura Tatu za Binti Yangu

Nilisoma madarasa matatu tu, kwa hiyo mtu asinidai herufi kubwa mahali pake. Mimi ni fundi cherehani, mtaa wa Nyakabanda, Kigali. Ninachotaka kusimulia ni habari ya binti yangu, kitinda mimba, anayetengeneza programu za kompyuta. Programu yake ni huria: mtu yeyote duniani anaichukua, anaifumua, anaishona upya, bure. Vituo vya afya vinaitumia kuandika chanjo za watoto.

Programu hiyo iko chini ya wakfu. Wakfu ninaoujua mimi ni nyumba ya msikiti, ile isiyouzwa, nikamuuliza msikiti gani huo wenye kompyuta. Akasema ni karibu hivyo hivyo, mali ya wote yenye wasimamizi. Yeye alipenda kutoa toleo jipya kila wiki. Wao wanataka kila toleo likaguliwe siku tatu, na kila kilichomo kiwe na leseni, yaani ruhusa ya mwenyewe. Basi walivutana.

Ikaja kasoro ya mapacha. Programu ikiona wazazi wale wale na siku ya kuzaliwa ile ile, inasema huyu ni mtoto mmoja, amekwisha chanjwa. Wa pili anarudishwa nyumbani bila sindano. Siku ya chanjo ilikuwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Ijumaa binti alikuwa amekwisha kurekebisha, Jumamosi akaja kufanyia kazi kwangu, maana kwake walikuwa wanabomoa ukuta. (Yule fundi wa ukuta simpendi, lakini tuache.)

Nikamsikia kwenye simu: "Nahitaji kura tatu. Bila kura tatu halitoki."

Sasa sisi wa Kigali r na l tunazichanganya, na masikio yangu yameliwa na cherehani. Nikamwambia mama yake mtoto ana njaa ya watu watatu. Saa sita sahani tatu za ugali na isombe, yaani kisamvu, zikapangwa mbele ya kompyuta.

"Mama, wageni wako wapi?"

"Baba yako amesema bila kula tatu hutoki."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Kura, Baba. Za kupiga. Wakaguzi watatu waseme ndiyo."

"Basi wewe kula moja," nikasema, "hizo mbili tutakusaidia."

Hatujamaliza, mkaguzi mmoja akaandika hapana: kuna picha ndogo humo haina leseni. Binti akaitoa. Akatoa na mambo mengine yote yaliyokuwa yanangoja, akabakiza dawa ya ile kasoro ya mapacha peke yake, akaanza kuhesabu siku tatu upya. "Likiwa dogo, mkaguzi hachoki," akasema. Hadi leo anafanya hivyo: madogo madogo, na leseni anazipitia kabla hajaomba kura.

Jumanne mchana kura zilikuwa mbili. Mwenzake wa ofisini, kule mtaa wa Muhima, akapiga simu.

"Dada, wapelekee manesi kwa flashi. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na kesho wewe utapeleka ya kwako, nani ataikagua?"

Kusema kweli mimi ningepeleka. Niliwahi kumpa mteja kanzu siku ya kuamkia Idi, mkono mmoja mfupi, nikamwambia ndiyo mtindo. Binti akakaa, akawapigia manesi aliokuwa na namba zao wawaangalie mapacha kwa macho. Wengi hakuwa na namba zao.

Baada ya alasiri ikaingia kura ya tatu, kutoka nchi ya barafu. Mtu yule alisema amesoma kila mstari. Binti akatoa toleo, akalala palepale kwenye kiti.

Jumatano nikaenda kituo cha afya, sina mgonjwa wala mtoto. Mama mmoja alikuja na mapacha. Wakaitwa wote wawili, kila mmoja na kadi yake, na wa pili alilia kumshinda wa kwanza.

"Programu hiyo ni ya binti yangu," nikamwambia.

"Hongera, Mzee," akasema. "Hebu nishikie huyu, nifunge kitenge."