Geji kwenye Gereji ya Sikio

Tarehe 6 Februari 2023, fundi mmoja wa magari mwenye umri wa miaka hamsini na tisa alipimwa masikio kwa mara ya kwanza maishani. Cheti cha kliniki, alichokikunja mara nne na kukitia ndani ya boksi la plagi, kinasema sikio lake la kulia halisikii tena sauti nyembamba. Mtaani anaitwa Sikio. Jina alilipata kazini: kwa miaka thelathini na nne amerekebisha injini kwa kuinama chini ya boneti, kufumba macho na kusikiliza.

Mkewe alimsihi aende kupimwa hadi akachoka. Kilichompeleka ni injini ya tabo iliyomfia mikononi mwezi Januari. Tabo husukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Petroli isipoongezeka sawasawa na hewa hiyo, joto hupita kiasi na pistoni huyeyuka. Kabla ya hapo injini hugonga, sauti ndogo kama kucha kwenye kioo. Sikio hakuisikia. Pistoni ilitoka na tundu la kupitisha kidole gumba, naye akaapa mbele ya mafundi wenzake kwamba akiua nyingine, anaacha ufundi.

Nyingine ikaja: gari la tabo la mkunga anayepanda nalo mlima kila asubuhi kwenda zahanati. Sikio aliifumua injini na kuifunga upya. Ilipobaki kupanga petroli, akampigia simu mpwa wake, fundi umeme wa magari.

Mpwa alikuja na kompyuta, sensa ya oksijeni na geji ya duara inayoenea kwenye kiganja.

"Mjomba, hii itakwambia hewa na petroli vinachanganyika vipi."

"Yaani imekuja kunisengenya."

"Angalau itakusengenya mbele yako."

Mpwa alitoboa bomba la ekzosi, nyuma ya tabo, akachomelea nati nene kwa upande wa juu ili maji ya mvuke yasiikalie sensa, kisha akaikaza humo. Waya akazipitisha hadi kwenye fyuzi inayopata umeme ufunguo ukizungushwa, na geji akaipachika kwenye dashibodi.

Injini ikawashwa. Geji ikasema 16.8: hewa nyingi, petroli kidogo. Mpwa akavuta kompyuta aongeze petroli.

"Acha!" Sikio alisema. "Hii inanuka petroli. Macho yananiwasha."

"Pua haina namba, mjomba."

"Na geji yako haina pua."

Walizima, Sikio akafungua plagi moja. Ilikuwa nyeusi ti, masizi ya petroli iliyozidi. Lakini geji ilikuwa mpya, na mpwa alikuwa na hakika na waya zake. Wakawasha tena. Mpwa akainamisha kichwa.

"Husikii hiyo? Tsi, tsi, tsi. Huku chini."

Sikio aligeuzia huko sikio lake la kushoto, akasubiri. Hakusikia kitu. Basi akapeleka kiganja karibu na maungio ya tabo na bomba, na pumzi ndogo za moto zikampiga ngozi. Gasketi, kizibo chembamba kati ya vyuma viwili. Alikuwa amerudisha ile ya zamani, kama alivyofanya miaka yote, kwa sababu ilionekana nzima. Kati ya pumzi na pumzi, hewa ya nje ilikuwa ikinyonywa hapo, na sensa ikiihesabu kana kwamba imetoka ndani ya injini.

"Kosa langu," alisema, akaenda kutafuta mpya.

Baada ya gasketi geji ilisoma 12.1. Petroli ilikuwa imezidi kweli. Mpwa akapunguza mpaka 14.7, kipimo sawa injini isipokuwa na mzigo, wakatoka na gari kwenye barabara ya mlima, yeye akiendesha, Sikio akitazama geji.

Tabo ilipoamka, namba ilishuka hadi 11.5, petroli nyingi kama tabo inavyotaka, ikatulia. Mpwa alipoachia mafuta, ikaruka juu papo hapo. Alipokanyaga, ikashuka. Sikio alisahau kufunga mkanda.

"Miaka yote nilikuwa nasimama nje ya mlango," alisema taratibu. "Kumbe ndani kuko hivi."

Mara ya tatu mpwa alikanyaga hadi mwisho. 11.5. Kisha 12.2. Kisha 13: petroli inapungua.

"Achia! Achia!"

Akaachia. Wakasimama kando ya barabara. Injini ilinguruma vizuri kabisa. Hata mpwa, mwenye masikio mazima, hakuwa amesikia chochote. Pampu ya petroli ilikuwa imechoka, ikishindwa kuifuata tabo pale juu. Sikio alifuta vumbi kwenye kioo cha geji kwa kidole gumba.

Jumatatu anafunga pampu mpya. Hadi siku hiyo gari linabaki gereji, na mkunga atakwenda zahanati kwa pikipiki ya jirani.