Mlango Aliomfungulia Mwanafizikia

Simu ya Alhamisi asubuhi ilinikuta nachemsha chai. Alikuwa dada wa mgonjwa wetu, mama mtu mzima wa Nkoaranga kule mlimani, na siku hiyo hakuanza na salamu. "Mwanangu, nimefika wodini na hotpoti yangu. Kitandani kwake kuna mtu mwingine." Nikadhani amekosea wodi, nikamwambia amuulize nesi. Akasema, "Nimeshauliza." Hivyo ndivyo nilivyojua, wasomaji wangu, kwamba DJ wetu wa mtaa wa Levolosi ametutoka. Chai ilichemka ikamwagikia jiko, mimi nimesimama naitazama tu.

Mnaonifuata hapa mnajua sitaji watu majina, na yeye jina lake halisi wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza siku ya mazishi. Kwetu alikuwa DJ, basi. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu pale kibanda umiza: chumba cha mabati, mabenchi, televisheni iliyofungiwa ndani ya nondo kama mbwa mkali, na yeye pembeni na maiki yake. Vibanda vingine vilionyesha ngumi na bunduki. Yeye alikuwa na ugonjwa wa filamu za wanafizikia, wale watu wa nywele timtim wanaotengeneza mashine za kurudi jana na kutoboa anga. Kiingereza chake alikiokota kwa watalii enzi akibeba mizigo mlimani, na fizikia hakuisoma kabisa, tofauti na mimi niliyeisoma nikaikimbia kidato cha pili. Ila alikuwa na utaratibu wake. Mwanafizikia akishika chaki, ubao ukaanza kujaa alama, DJ alishusha sauti na kusema, "Hapa anapiga hesabu. Tumwache." Kibanda kizima, wauza mitumba na mafundi viatu na wapiga debe, tulinyamaza kama tupo kanisani. Sijawahi kuona darasa linaloiheshimu fizikia namna ile. Siku moja umeme ulikatika katikati ya filamu, naye akaendelea kusimulia gizani kama nusu saa, mwanafizikia akavuka sayari mbili na kupata mchumba. Umeme uliporudi tukamkuta bado yuko maabara anafuta miwani. Fundi viatu mmoja akafoka, "DJ, hii filamu mbona imepotea njia?" DJ akajibu, "Ivumilie, itatukuta."

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni ile ya mlango wa kioo. Mwanafizikia kafiwa na mkewe, akajenga chumba ambacho ndani yake saa zinarudi nyuma. Anahangaika miaka, ubao kwa ubao, mpaka siku anafika asubuhi ile ile ya mwisho. Anamwona mkewe ng'ambo ya kioo, anakata mkate. Anagonga. DJ akapaza sauti: "Mlango huo! Umefunguka! Mama kageuka, kamwona!" Tukapiga makofi mpaka mabati yakatikisika. Mimi nilishangaa kidogo, maana kwenye televisheni nilimwona jamaa kakaa chini ameegemeza kichwa kwenye kioo, kisha majina yakaanza kupanda. DJ hakutetereka. "Wameingia ndani wanakula," akasema. "Kamera imewaachia faragha." Miaka ikapita, nikaiona filamu ile kwenye simu yangu, yenye maandishi chini, nikayasoma polepole na kamusi pembeni. Mlango haukufunguka. Hesabu zilikuwa sahihi, zote, na mlango haukufunguka. Nikamfuata mbio. "Braza, ulitudanganya!" Akacheka. "Siku ile mbele alikaa nani?" Nikakumbuka. Alikaa yule mama wa maandazi, aliyetoka kumzika mumewe wiki ile ile, na alikuwa hajawahi kuingia kibandani kabla ya hapo. "Sasa dogo, wewe ungemwambia nini?" Nikaondoka nikiamini nimefundishwa jambo kubwa, kwamba mwisho mchungu ukikufikia mdomoni, wewe ndiye mwenye kuamua.

Kibanda chenyewe hakipo tena. Pale panauzwa kava za simu. Watu wanatazama filamu mmoja mmoja, kila mtu na waya wake masikioni, na wengine wanazielewa kuliko tulivyozielewa sisi. Silalamiki, hata mimi ninafanya hivyo hivyo. Ila mwanafizikia wa siku hizi akipiga hesabu, hakuna wa kunyamaza naye, tunamsogeza mbele kwa kidole. DJ alihangaika na vibarua vya hapa na pale mpaka sauti yake ilipoanza kukwaruza, ikapungua, ikaisha. Walipomlaza hospitali alikuwa anaandika kwenye daftari. Mtu aliyesemea ulimwengu wa watu wengine maisha yake yote, sasa anaomba maji kwa kalamu.

Jumatatu kabla ya simu ile nilikuwa naye wodini, na dada yake ameteremka kutoka kwao. Mama huyu Kimeru ndiyo lugha yake. Kiswahili anakisikia, lakini kikikimbia kinamwacha. Daktari kijana akatuita kwenye korido, akatueleza vizuri tu, kwa upole, ila haraka na kwa maneno ya kitabuni. Alipoitwa kwingine mama akanigeukia. "Amesemaje?" Wasomaji wangu, sikuelewa yote, lakini niliyoyaelewa yalitosha. Zilikuwa zimebaki siku chache, na kama kuna ndugu wa kukaa naye, akae. Nikautazama uso wa mama yule, nikaona mbele yangu kibanda na mabenchi na yule mama wa maandazi. Nikasema, "Amesema anahitaji kupumzika, mama. Atapona."

Uso wake ukafunguka. "Basi niwahi kahawa," akasema. "Imeiva, nikichelewa itadondoka yote. Nitarudi Alhamisi na loshoro ya mahindi na maziwa mgando, hiyo laini ataimeza." Nikamsindikiza mpaka getini, nikamwambia, "Haya mama, safari njema," moyo ukiwa mwepesi kama niliyetenda wema. Niliporudi ndani DJ alinitazama, akaandika: *Dada yuko wapi?* Nikamweleza nilichofanya, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Akaandika taratibu, herufi moja moja: *Mama wa maandazi alikuwa ameshazika.* Kisha chini yake: *Mrudishe.* Nikapiga simu jioni ile, haipatikani. Jumanne haipatikani. Jumatano nikampata jirani yake, akasema simu ya mama haina chaji na yeye yuko shambani anachuma, atamwambia. Kwa nini sikupanda kwake mwenyewe? Nimejiuliza sana. Nadhani niliogopa kumtazama.

Tulimzika juu kule, mgombani, udongo mwekundu umelowa. Historia ya marehemu ilipofika kwenye kazi ilisema alijishughulisha na biashara ya video, basi, ikaendelea. Baada ya chakula mama akaniita kando. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa. Alisema tu, "Daktari alisemaje siku ile? Sema yote." Nikasema yote. Pale nisipoelewa nikasema hapa sikuelewa, mama. Akauliza, "Alisema nikae?" Nikasema ndiyo. Akatazama mibuni yake, ambayo alikuwa amemaliza kuichuma. "Ningekaa," akasema. "Kahawa ingedondoka tu." Akanisogezea bakuli la loshoro, kwa sababu mgeni hashuki mlima na njaa, nikala, na kila kijiko kilikuwa kigumu kuliko jiwe.

Mimi ni mtu wa matumaini, mnanijua, napenda hadithi ziishe vizuri na nitaendelea kupenda. Lakini nimejifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Mwisho mtamu mpe aliyekwisha kuzika, maana huna cha kumpunguzia. Ambaye bado ana siku tatu, mpe siku zake tatu, hata kama mdomo wako unatetemeka. Zilikuwa mali yake, si yangu kumtafsiria. Na kama huna la kusema, yeye mwenyewe DJ alishatuachia neno la kusema.

Nilipoaga, mama alikuwa amekaa peke yake karibu na kaburi, midomo yake ikicheza bila sauti. Anahesabu kwa vidole, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Neno tamu lilinijia mpaka ulimini. Nikalimeza, nikavua kofia, nikasimama.

Anapiga hesabu. Tumwache.