Vazi la Inveta

Fundi Sharafat alisuka mota za feni kwa miaka ishirini kabla sola haijatapakaa hapa Multan. Mpaka leo, kabla ya kutoa kipimo chochote, huigusa mashine kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa. Zamani nilimcheka. Siku hizi namcheka kwa adabu, maana baba yangu anapumua kwa sababu yake.

Baba ana mapafu mabovu, na mashine yake ya oksijeni haitaki kukatikiwa. Umeme wa serikali mchana wa Juni ni wa kubahatisha, kwa hiyo Sharafat alitufungia inveta mbili, mashine za kugeuza umeme wa sola uwe wa nyumbani, sambamba, zigawane mzigo. Miezi miwili tulikaa raha mustarehe. Kisha ikawa kila saa saba mchana moja inazima, ya pili inaelemewa na mzigo wote, nayo inazima. Tunakimbilia mtungi wa akiba huku midomo ya Baba ikigeuka rangi.

Sharafat alikuja mara mbili. Alipima nyaya za betri kama zinalingana urefu, akakaza waya unaoziunganisha inveta, akawasha moja moja, kisha zote pamoja. Zikafanya kazi. Kesho yake zikazima.

Alipokuja mara ya tatu nikamkabili. "Fundi, zinakuogopa wewe! Ukiwepo zina adabu, ukiondoka zinatuua."

"Basi leo sitoki, binti. Nitakaa hapa mpaka zizime mbele ya macho yangu."

Alipomaliza kupima akafunga mkoba, akaketi na glasi ya lassi, mtindi baridi wa kunywa. Mama alipouona mkoba umefungwa, akajua kazi imekwisha. Akatoa kabatini kitambaa kizito cha maua mekundu alichokidarizi mwenyewe, akaivisha inveta ya kwanza mpaka chini.

Kwetu friji ina nguo, televisheni ina nguo. Kitambaa kile nilikiona kila siku na sikukitilia maanani. Fundi akija, Mama hukivua na kukificha, kisichafuliwe na mikono ya grisi.

Sharafat akasogea, akaweka mgongo wa kiganja juu ya maua.

"Dada, hiki umekishona lini?"

"Mwezi uliopita. Ndiyo inayompa mzee wangu pumzi, nami nitaishukuru vipi? Nikasema angalau ipendeze. Cha pili bado nadarizi."

Nikafumbua mdomo. Sharafat akanikazia macho, nikaufumba.

"Mkono wako una baraka, dada. Ila mashine nayo inavuta hewa, kama mzee. Na mimi kiti cha pikipiki yangu kinaniunguza. Nipe mimi hiki."

Mama akageuka kumtazama Baba kitandani.

"Kumbe ni mimi?"

"Ni joto la Juni, dada," Sharafat akajibu.

Hazijazima tena. Mungu amlipe mtu yule. Wenzake sokoni humtania kwamba pikipiki yake inaolewa, na kitambaa hajakivua.