Mash iliyokwama nyuma ya jikoni ya Mama, Keroka, na vile tuliipika upya kwa ajili ya mzee

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa zamani na wageni.

Mimi humu ni msomaji tu. Naingia, nasoma, nacheka, natoka. Lakini juzi kuna member aliuliza mbona mash yake inakataa kushuka, watu wakamjibu kwa mzaha, uzi ukafa. Nikaona hapana, hii naijua kwa uchungu. Ninayoandika hapa yalinipata mimi mwenyewe, na chumvi nimeacha jikoni.

Kwa wale hawajawahi kupika bia nyumbani, niwaeleze kidogo ili tusipotezane.

All-grain ni kupika kutoka nafaka yenyewe. Unachukua kimea cha shayiri kilichopasuliwa, unachanganya na maji moto kwa chombo kinachotunza joto (huo mchanganyiko ndiyo mash), unafunika, unasubiri. Wanga inageuka sukari. Halafu unafungua tap chini, maji matamu yanashuka, makapi yanabaki. Hayo maji matamu ndiyo wort. Ndiyo unachemsha na hops, yale maua yanayoipa bia uchungu, na kutia hamira, baadaye inakuwa bia.

Sasa siku unafungua tap na hakuna kitu kinashuka, hiyo ndiyo stuck mash. Ni kama sinki iliyoziba, tofauti ni kwamba ndani kuna kazi yako ya asubuhi yote.

Mimi nauza vifaa vya plumbing hapa Kisii town. Cooler box niliitoboa na kuifunga tap mwenyewe, chini nikaweka chujio la waya. Nilikuwa nimepika za shayiri mara nyingi na zinashuka bila shida. Siuzi, nakunywa na marafiki wawili watatu. Kwa hivyo nilijiona fundi.

Halafu mzee akaugua.

Tata (kikwetu tata ni baba, msinicheke) alishikwa na kifua vibaya, akalazwa. Alirudi nyumbani amekonda, koti lake la kila siku linamning'inia kama la kuazima. Kwetu ni juu kidogo ya Keroka, upande wa Nyamira, majani chai hadi mlangoni. Kule ni baridi wakuu. Mtu wa kifua akikaa huko lazima umwombee.

Na alikataa kula. Mama anapika, mzee anaonja kijiko kimoja, anasukuma sahani.

Nikapanda wikendi moja kumwona. Nyumbani tunaongea Kikisii, hapa nawatafsiria.

Nikamuuliza, "Tata, kuna kitu chochote roho yako inataka? Hata kama ni samaki wa kutoka Kisumu, nitaleta."

Akasema, "Ile ya wimbi. Ya mama yangu."

"Uji?"

"Uji napewa hapa kila siku. Nasema ile walikuwa wanapika wakati tuko wadogo."

Nikaelewa anasema amarwa, pombe ya wimbi ya zamani.

Na siku hiyo alizungumza kuliko alivyokuwa amezungumza tangu atoke hospitali. Alisema nyanya alikuwa analoweka wimbi, anaifunika kwa majani ya ndizi hadi iote, halafu inaanikwa kwa mwamba ulio karibu na mto, na kazi ya Tata ilikuwa kufukuza kuku. Alisema wazee walikuwa wanazunguka chungu kimoja na mirija mirefu, na mtu akiingia na ugomvi na mwenzake, hapewi mrija hadi waongee. Alisema nyumba yote ilikuwa inanuka kama mkate.

Mimi nyanya simkumbuki. Nilikuwa nasikiliza kama mtoto.

Nikamwahidi. Nikauliza clinical officer anayemwona pale Keroka, akasema kikombe kidogo hakina neno, mradi si na dawa kwa wakati mmoja.

Shida ilikuwa Mama.

Mama ni Msabato wa kindakindaki. Tata ni Mkatoliki. Wameishi hivyo miaka yote, yeye Jumamosi, mwenzake Jumapili, na sisi watoto tulikuwa tunaenda kote kote. Lakini kwa suala la pombe, boma lilifuata Mama.

"Tangu niolewe hapa," akasema, "pombe haijapikwa kwa hii boma. Sasa nimezeeka ndiyo mnaleta?"

"Mama, ni mzee ameomba."

"Nimesikia ameomba. Sufuria zangu hapana. Jikoni yangu hapana. Sabato hapana."

"Na Jumapili ni ya Tata," nikasema.

"Basi tafuta siku yako."

Nikatafuta. Ikawa Jumatatu ya public holiday, nyuma ya jikoni, kando ya miti ya chai.

Kimea cha wimbi nilinunua soko ya Magwagwa kwa mama mmoja ambaye yake ilikuwa nyekundu safi. Shayiri nilikuwa nayo Kisii. Na hapa wakuu ndipo nilikosea, someni polepole.

Kwanza, nilipeleka vyote, wimbi na shayiri, kwa posho mill. Ikatoka unga laini kabisa. Nilifurahi, nikadhani laini ndiyo bora.

Pili, nilijaza wimbi nyingi, kwa sababu mzee aliomba wimbi. Punje ya wimbi ni ndogo, haina ganda la maana la kuacha njia kwa maji. Shayiri ina ganda, na hilo ganda ndilo chujio lenyewe. Mimi ganda nilikuwa nimelisaga likawa vumbi.

Tatu, maji niliweka kidogo. Nne, tuko nje, ukungu umeshuka, na cooler box yangu kifuniko chake kimelegea.

Tata alitoka na kiti chake akaketi hapo karibu, koti limefungwa hadi shingoni. Mkononi ana kikombe cha bati. Alikuwa amekitoa kabatini mwenyewe, hakuna mtu alimwambia.

Muda ukafika, nikafungua tap. Yote. Kama mtu anajaza ndoo.

Ikatoka kwa nguvu kidogo, ikawa uzi, ikawa matone.

Ikasimama.

"Imekuja?" Tata akauliza.

"Bado kidogo."

Nikakoroga. Matone, kisha kimya. Nikaweka mpira kwa tap nikapuliza kwa mdomo, ikabubujika ndani, ikashuka kiasi cha kufunika kidole, ikaziba tena. Nikaongeza maji moto juu, yakakaa tu pale juu kama dimbwi barabarani. Nikaingiza mwiko hadi chini, ukasimama wima wenyewe. Wakuu, ilikuwa ugali. Ugali wa sukari, mzito, unaopoa.

"Imekuja?"

"Tata, bado."

Jua lilipoanza kupotea nyuma ya mlima, alikuwa amesinzia kwa kiti. Aliamka akaniona nimeketi chini, mikono imejaa wimbi hadi kwa viwiko. Hakuuliza tena. Aliinuka polepole, akaingia ndani, nikasikia mlango wa kabati. Alikuwa anarudisha kikombe.

Nilijisikia vibaya sana. Afadhali angenigombeza.

Ile mash ng'ombe walipewa kidogo kidogo, ingine tukatupa kwa migomba.

Wiki hiyo hiyo kifua kikamrudia. Akalazwa tena. Nilikuwa nafunga duka mapema naenda kuketi kando ya kitanda, na kile nilikuwa nafikiria si bia. Nilikuwa nafikiria ule mlango wa kabati. Kwamba huenda kitu cha mwisho mzee aliniomba maishani nilimpa ugali wa kuwapa ng'ombe.

Mungu ni mwema, alitoka.

Wakati huo nilikuwa nimesoma kila kitu kwa simu. Wazungu wanasema ukitumia nafaka isiyo na ganda, changanya makapi ya mpunga. Hayana ladha, hayana sukari, kazi yake ni kuacha nafasi ili maji yapite. Nikaanza kuwaza nitaenda Ahero kwa vinu vya mchele.

Halafu nikakumbuka dada yangu Kwamboka. Anafuga kuku wa nyama pale Keroka. Na wanalala juu ya nini? Makapi ya mpunga! Gunia zimejaa store.

Nikampigia. Akacheka hadi akakohoa. Lakini alileta gunia jipya, ambalo halijafunguliwa na halijawekwa dawa yoyote.

Mama alipoona, "Hicho si kitanda cha kuku?"

"Hiki bado hakijalaliwa, Mama," Kwamboka akasema.

"Mgonjwa ametoka hospitali mnataka kumpa takataka ya kuku."

Kwamboka akaosha yale makapi mara nyingi, akayamwagia maji yaliyochemka, akayachuja, Mama amesimama hapo anamkagua.

Safari hii nilifanya hivi. Shayiri nilipasua kwa mashine ya mkono, nikaiachia nafasi ili punje ivunjike lakini ganda libaki. Wimbi nikapunguza, na ikasagwa kubwa kubwa, si unga. Makapi nikachanganya kwa nafaka kavu kabla ya maji, yaenee kila mahali. Maji nikaongeza, mash iwe kama uji wa kunywa.

Lakini baridi ilikuwa ile ile, na ninageuka geuka natafuta kitu cha kufunika cooler box, nikaona Mama anatoka na blanketi. Ile nzito yake ya kitandani.

Nikamwangalia.

"Usiniangalie," akasema. "Si kwa sababu ya pombe. Ni kwa sababu huyo mzee atakaa hapo kwa baridi akingoja, na mkichelewa tena atarudi hospitali."

Akaifunga mwenyewe, akakaza pembe kama anafunga mtoto mgongoni.

Tata alikuwa kwa kiti. Kikombe safari hii hakuwa nacho. Niliona hilo.

Kabla ya kufungua nilimwaga maji moto zaidi ndani, yasiyochemka, ili ile sukari isiwe nzito. Halafu nikafungua tap kidogo tu, robo ya robo. Maji ya kwanza yalikuwa na unga unga, nikayarudisha juu polepole kwa kikombe, nikiyamimina juu ya kijiko ili yasichimbe shimo. Nikarudia hadi yakaanza kuwa safi. Sikukoroga tena. Sikuongeza kasi.

Ikashuka. Haikusimama. Uzi mwembamba, rangi ya hudhurungi yenye wekundu, unaingia kwa ndoo na ile sauti ndogo. Mvuke ukapanda, na harufu ikajaa pale nyuma ya jikoni.

Tata akainua kichwa.

"Nipe hiyo," akasema.

"Tata, bado si pombe. Hii ni tamu tu. Itachemshwa, ikae wiki kadhaa ndiyo..."

"Nipe hiyo."

Kwamboka akakimbia ndani akaleta kile kikombe cha bati. Nikakinga, nikampa. Akakishika kwa mikono miwili, akanusa, akanywa. Akafunga macho.

Alikaa hivyo hadi nikaogopa.

"Ndiyo hii," akasema.

"Amarwa?"

"Amarwa ilikuwa ya wazee. Mimi nilikuwa mtoto, nani angenipa? Mama yangu alikuwa anakinga hii kwanza, kabla haijakuwa kali, ananipa kwa kibuyu kidogo, ikiwa moto. Ananiambia nijifiche nyuma ya ghala nimalize kabla ndugu zangu hawajaniona." Akanywa tena. "Nilikuwa kitinda mimba wake."

Wakuu, mzee wa miaka mingi vile, machozi yalikuwa yanashuka na hajali.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Miaka yote ya ndoa hakuwa amesikia habari ya hicho kibuyu. Akauliza taratibu, "Hiyo haileweshi?"

"Haina hata tone la pombe, Mama. Ni kimea na maji."

Akaja, akachukua kikombe mkononi mwa mumewe, akaonja. Akaonja tena.

"Kwa nini hukuniambia ni hii ulitaka?" akamuuliza. "Ningekupikia mimi mwenyewe."

"Sikujua jina lake," Tata akasema. "Alikuwa anasema tu, shika unywe."

Jioni hiyo alikula. Ugali na mboga, sahani nzima.

Ile nyingine tuliichemsha, ikawa bia, na ilikuwa nzuri. Nilimpelekea glasi baada ya kuiva. Akaonja, akakunja uso, akasema chungu, akanirudishia. Tuliimaliza mimi na marafiki zangu.

Mzee yuko wakuu. Kifua kinamsumbua msimu wa mvua lakini yuko. Nikienda nyumbani napika kidogo, nachuja, wanakunywa wote wawili ikiwa moto, na Mama anaita "uji wa mama mkwe".

Basi lesson. Ya jikoni: usisage unga, linda ganda, nafaka isiyo na ganda iongezewe makapi ya mpunga, maji yatoshe, tunza joto, na tap ifunguliwe polepole. Haraka ndiyo inakandamiza ile nafaka chini ikawa saruji. Mengine yote nimesoma ni nyongeza.

Ya nyumbani: mimi nilikimbilia kumpikia mzee kitu ambacho nilidhani ameomba, na kama mash ya kwanza ingeshuka sawa, pengine ningeiwahisha kwa moto na hops, nikamletea glasi ya bia chungu baada ya wiki, na hangeonja kamwe alichokuwa anakitafuta. Wazee wetu wengine wanatamani vitu walivyoonja kabla hawajajua majina yake. Kaa karibu nao wakati unapika.

Sasa uwanja ni wenu. Walio na njia nyingine ya kuzuia mash isikwame, hasa kwa wimbi na mtama, wekeni hapa. Na kama kwenu kuna mtu anakumbuka haya maji matamu yanaitwaje kwa lugha yenu, naomba jina. Tata bado anauliza.