Vidole vya Levina

Ukitaka ugomvi na Balbina wa Michenga, mpandie mpunga mistari ya kombo. Hana dogo yule. Ataingia jarubani, ang'oe miche yako yote na kuipanda upya, huku akikusema mpaka ujute kuja kumsaidia. Amelima bondeni tangu utotoni, na vidole vyake vimenyooka hadi leo.

Marehemu mama yake hakuwa na bahati hiyo. Vidole vilimvimba vikapinda, ikafika mahali analishwa uji. Watu wakasema ni baridi ya maji ya majaruba, naye Balbina akaamini. Basi alipomzaa Levina akaapa kuwa huyu matopeni haingii. Kila msimu, familia ikihamia dunguni kulinda mpunga, Levina aliachwa Ifakara mjini kwa shangazi yake. Wenzake wakamcheka, eti Mndamba gani, mtu wa mpunga, hajui kupandikiza!

"Chekeni tu," Balbina aliwajibu. "Wangu atakuwa fundi cherehani, atakaa pakavu."

Na kweli akawa fundi. Halafu mwaka jana, asubuhi moja, Levina akashindwa kushika mkasi. Vidole vimevimba, vya moto, havikunjiki.

"Maji gani tena yamekupata, mwanangu, na jaruba hujawahi kulikanyaga?" Balbina alilia, jamani, kama aliyefiwa.

Hospitalini walipokewa na daktari kijana, Amira. Alimpa mama shikamoo yake kwanza, akasikiliza habari za bibi na za maji, kisha akaeleza taratibu. Si maji. Kinga ya mwili wa Levina imekosea, inashambulia viungo vyake mwenyewe. Kuna tofauti ndogo ndogo za vinasaba zinazomfanya mtu awe mwepesi kupata ugonjwa huo, nazo hutembea ndani ya ukoo. Wapo wanaozirithi wakaugua, na wapo wanaozibeba maisha yao yote bila kuumwa, wakawapa watoto.

"Kumbe ni mimi niliyempa?"

"Huenda zilipitia kwako, mama. Hata hayo macho mazuri ulimpa wewe, na hukuchagua. Bibi yake hakupata dawa. Huyu amewahi."

Njia nzima Balbina alijilaumu. Miaka yote ile amemnyima mtoto shamba, bure kabisa! Roho ilimuuma.

Vidonge vilichukua miezi, lakini uvimbe ukashuka. Msimu wa kupandikiza ulipofika Levina akaja Michenga. "Mama, nifundishe. Daktari ameniruhusu." Akakunja sketi, akaingia matopeni akicheka.

Alipofika mwisho wa jaruba, mstari wake ulikuwa umekwenda upogo kama njia ya nguruwe. Wanawake wakaacha kazi, wakimsubiri Balbina alipuke.

Balbina akaukagua mche kwa mche. Akafika kwa mwanawe, akaishika ile mikono yenye matope, akavikunja vidole kimoja kimoja na kuvikunjua. Vyote vilikubali.

"Mnatazama nini?" akawafokea wenzake, machozi yakimtoka. "Mstari huu asiuguse mtu!"