Springi za Mzigo

Mimi ni mtu wa hasira, na afadhali niliseme mwenyewe kabla mke wangu hajalisema. Hasira yangu haina mikono, sijawahi kumpiga mtu, lakini mdomo inao. Darasani ilinisaidia. Nje ya darasa sijui kama imewahi kunisaidia.

Gari ninalotaka kulizungumzia ni shangingi la zamani, lile la mwili mpana, viti mistari mitatu, milango ambayo ukiifunga jirani anashtuka. Nililinunua nilipostaafu, mradi mmoja ulipofunga ofisi yake hapa Ifakara na kuuza vitu vyake. Majirani walicheka. "Mwalimu, dubwana hilo utalilisha nini?" Nikawaambia mafuta ni yangu, kicheko ni chenu. Nikipita nalo sokoni, katikati ya baiskeli na bajaji, nilijiona mkuu wa wilaya.

Kisha mama akaanguka. Aliteleza kizingitini akiwa na ndoo ya maji, akavunjika nyonga. Hospitali walimpasua, wakamtia chuma, tukamleta nyumbani kwangu. Akapata nafuu ya kuweza kukaa kitini na kusimama akishikwa, lakini mtikisiko wowote ulimpandisha maumivu mpaka kwenye meno. Ndivyo alivyosema mwenyewe, mpaka kwenye meno.

Mama alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu, dada yake, mama yangu mkubwa, aliyekuwa kijijini Idete. Wawili hao waliteremka kutoka upande wa Mahenge wakiwa wasichana, wakaolewa huku bondeni, wakalima mpunga kwenye mashamba yaliyopakana kwa nusu ya maisha yao, mpaka baba alipotuhamishia mjini. Sasa mama mkubwa naye alikuwa hajiwezi. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi fupi, uani hatoki. Simu haikusaidia kitu kwa sababu masikio yake yalikufa zamani. Akishikishwa simu aliita tu, "Haloo! Haloo!" na upande huu mama anajibu mpaka anaanza kulia. Treni hatukuifikiria, zile ngazi zake ni za watu wenye nyonga mbili. Lilibaki gari.

"Baba," mama aliniambia mavuno yalipoanza. Huniita baba anapotaka jambo. "Nipeleke nikamwone dada. Nikishamwona, mengine namwachia Mungu."

Nikasema nitampeleka. Ila sikuthubutu kumpandisha kwenye gari lile kama lilivyokuwa. Usukani ulikuwa unacheza, unauzungusha robo nzima ndipo matairi yanapata habari. Na kiangazi barabara yetu huota rasta, ile mikunjo ya udongo mgumu iliyojipanga kama mbao za kufulia. Gari likiingia humo, magurudumu ya mbele yalishikwa na tetemeko, dashibodi ikapiga kelele, mimi nikang'ang'ania usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeshikilia ng'ombe pembe.

Nikalipeleka kwa fundi. Gereji yake iko jirani na mashine za kukoboa, kwa hiyo yeye na magari yake muda wote wamepakwa vumbi la pumba. Ni mtu mpole, mdogo wangu kwa miaka mingi, huniamkia shikamoo hata tukionana mara tatu kwa siku. Alilala chini ya gari akaniambia nitikise usukani kushoto na kulia, huku yeye akishika kila kiungo kwa kiganja chake. Ndivyo anavyofanya kazi, haamini macho.

"Hapa pamekufa, mwalimu."

Nikatikisa.

"Na hapa pamekufa."

"Fundi, kuna palipo hai?"

"Taa," akanijibu kutoka chini.

Akaniorodheshea kazi. Tairodi zote, vile vyuma vinavyosukuma matairi kugeuka, zitoke. Boksi la usukani litoke, liingie la toleo jipya zaidi. Kishokapu kidogo cha usukani, kile kinachozuia tetemeko, kiwe kipya. Bushi zote, ile mipira ya kwenye viungo. Kisha springi na shokapu za magurudumu yote manne, maana za zamani zilikuwa zimelala kabisa. Nikasema fanya, yote fanya, huyu ni mama yangu.

Dukani kwa spea kuna mzee wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka pwani. Hauzi kitu kabla hajamaliza kukuuliza habari za nyumbani, za shamba, za mgonjwa, na za mgonjwa tena. Tulipofika kwenye springi akaniuliza, "Nikupe za kawaida au za mzigo?"

"Nipe zilizo bora."

"Bora ni za mzigo," akasema, na hakunidanganya. Huku bondeni springi bora ni ile isiyoinama chini ya magunia ya mpunga. Hata mimi sikujua kama kuna springi inayosifiwa kwa ulaini. Nikabeba zilizo ngumu kuliko zote dukani, nikaenda nazo gereji nikiwa nimefurahi.

Fundi alipomaliza, gari lilikuwa limesimama juu, limetunisha kifua. Nililiendesha mpaka stendi na kurudi. Usukani mtamu! Unaugusa kwa kidole, gari linatii. Niliporudi nikamkuta fundi anajifuta mikono kwa tambara, hanitazami usoni.

"Mwalimu, usukani umekaa. Ila springi hizi zinataka mzigo. Gari likiwa tupu litamrusha mama. Siku ya safari weka nyuma magunia ya mpunga, hata sita. Au lijaze watu."

"Mama yangu si gunia."

"Sijasema hivyo, mwalimu, nimesema tu..."

"Umesema nimpakie mgonjwa na magunia! Mgonjwa anapewa nafasi. Kwenu hamkufundishwa?"

Kulikuwa na watu pale, wateja wengine na kinamama waliokuja kukoboa. Waligeuka kututazama. Fundi akakunja lile tambara, akaliweka mfukoni.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Ifakara, gari likitaka kwenda kijijini si siri. Asubuhi ya safari nilipofungua geti nikawakuta wamejaa. Shangazi wa mke wangu na kuku wake wawili. Jirani na viroba vya chumvi vya duka la kaka yake. Binamu zangu watatu wamevaa vitenge vya kutokea, "Tunamsindikiza mama, tukamwone na mama mkubwa." Na wengine nyuma yao, kila mtu na ndoo yake. Damu ikanipanda.

"Hili si basi!" nikawaambia. "Hamwoni kuna mgonjwa? Haya, geti lile pale."

Mama alikuwa ameshalazwa kiti cha kati, mito kila upande. "Waache wapande, baba," alisema. "Dada atafurahi kuona watu."

"Mama, unahitaji nafasi."

Wakaondoka. Shangazi alitangulia akinung'unika na kuku wake. Nikampakia mke wangu peke yake, wa kumshika mama, nikawasha gari. Viti vyote vya nyuma vilikuwa vitupu, safi, nimevipangusa mwenyewe.

Pale njia iliponyooka tulikwenda vizuri, nikawa nafurahia usukani. Kisha tukaingia kwenye rasta. Nyuma ya gari ikaruka. Haikutikisika, iliruka, kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, ikatua kwa kishindo, ikaruka tena. Nikasikia sauti ya mama ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Nikapunguza mwendo, ikawa vibaya zaidi. Nikaongeza, kwa kuwa watu husema rasta huzidiwa kwa kasi, na ikawa vibaya kuliko mwanzo. Kwenye kioo nilimwona mama ameuma upindo wa kanga, jasho linamtiririka, na mke wangu amemkumbatia kwa mikono yote.

"Rudi," mke wangu alisema.

"Twende tu," mama alisema kupitia kwenye ile kanga.

Hata Katindiuka, hapo pembeni mwa mji, hatukuimaliza. Nilisimama pembeni, nikaweka paji la uso kwenye usukani wangu mpya, nikaogopa kugeuka nyuma. Simu ikaita. Ni binti wa mama mkubwa, yule ninayemwita dada. "Tumeshamwogesha," alisema kwa furaha. "Tumemvalisha kitenge kipya, yuko barazani anawangoja. Mmefika wapi?"

Nikamwambia gari limeharibika. Gari lilikuwa halijawahi kuwa zima kama siku ile.

Baadaye aliniambia kwamba mama mkubwa alikataa kurudishwa ndani mpaka giza lilipoingia. Kila muungurumo ukisikika wenzake walimwona anainua uso. Sijui aliusikiaje na yale masikio.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa fundi asubuhi ile ile, akasema, fundi, nisamehe, hayo magunia tunayapanga vipi. Mimi nilipita njia ya nyuma nisionane naye. Niliamua springi zenyewe ndizo mbovu, nikapiga simu Dar kuagiza springi laini. Zikaja na basi baada ya kungoja sana, nikazipeleka kwa fundi mwingine, kumbe ni za gari la umbo dogo, hazikai. Nikazirudisha. Wakasema nyingine zinakuja. Kila siku wanasema zinakuja.

"Gari limepona?" mama aliuliza kila nilipompelekea chai.

"Bado, mama."

"Basi tuko wawili."

Nikamwambia awe na subira, mvumilivu hula mbivu. Akaniambia ngojangoja huumiza matumbo. Akaniomba nimtafutie bajaji, nikafoka, bajaji na nyonga hiyo? Akageukia ukutani. Siku moja jioni nilitoka nje, nikapanda juu ya bampa la nyuma, mtu mzima, mwalimu mstaafu, nikaanza kurukaruka nione kama springi zitainama. Hazikuinama. Mke wangu alikuwa dirishani, akafunga pazia. Nilikaa chini pale kwenye vumbi na kwa kweli sikujua nifanye nini tena.

Dada, yule binti wa mama mkubwa, alipiga simu asubuhi moja, na kabla hajasema nilijua. Mama mkubwa alikuwa amelala, hakuamka.

Nilipomwambia mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Nivalisheni. Hata nikifia njiani, leo nakwenda."

Watu wakaja tena getini. Walewale. Shangazi wa mke wangu, binamu zangu na vitenge vyao, jirani, na akina mama wa jumuiya na masufuria ya msibani. Hakuna mtu anayefukuza watu wanaokwenda kuzika. Walipanda mpaka nikapoteza hesabu, wengine wamepakatana. Nyuma tukapanga magunia ya mchele, kuni na maharage. Juu ya keria tukafunga sanduku la kuzikia, kwa sababu Idete hakukuwa na lililokuwa tayari na seremala wa kwetu alikuwa nalo. Gari likashuka, likashuka, likatulia. Mama akakaa kati ya binamu zangu wawili, wamembana kila upande, hakuwa na nafasi hata ya kusogeza kiwiko.

Niliingia kwenye rasta kwa mwendo wa kobe, meno nimeyakaza, nikingoja ile sauti. Sikuisikia. Nikapita pale nilipogeuzia siku ile. Nikaipita Katindiuka. Gari lilikuwa linakwenda kama mtumbwi kwenye maji yaliyotulia, usukani haunitikisi hata kidole. Nyuma walikuwa wakiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na katikati ya sauti zile nikaitambua ya mama. Alikuwa anaimba.

Walipomaliza akaniita. "Baba. Mbona leo halirushi?"

Nikabadili gia.

"Limejaa, mama," shangazi akamjibu. "Gari hizi zikijaa ndipo zinatulia."

Mama akatazama nje. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamevunwa pande zote mbili, yamebaki mabua.

"Kumbe lilitaka watu tu," alisema. "Siku ile ungewapakia hawa, ningemkuta dada barazani."

Hakuwa ananilaumu. Ningependa angenilaumu. Nilitazama barabara, nikasema, "Sikujua, mama."

Akanyoosha mkono kwa shida katikati ya mabega ya watu, akanigusa shingoni.

"Ungejuaje, mwanangu," alisema. "Wewe si fundi."