Mathe Alifungua Tenki, Sasa Hatutajua Ile Chembe Ilitoka Wapi

Wakuu, salamu kutoka Gatitu, hapa Nyeri. Sijaongeza chumvi popote, na hadi leo sijaamini.

Mimi ni fundi wa tenki, lakini si za maji ya kunywa.

Kuna dada anaitwa Akinyi, anafanya PhD ya fizikia. Aliniajiri niangalie tenki tatu kwenye mashamba matatu, kila moja kama kilomita moja kutoka kwa nyingine. Moja iko kwetu, nyuma ya zizi.

Ndani ni maji safi, giza totoro na sensor ya kunasa mwanga hafifu. Chembe moja ikitoka mbali angani, ndogo kuliko atomu lakini na nguvu ya jiwe lililorushwa, inagonga hewa na kumwaga chembe zingine mabilioni. Zikipita kwenye maji, zinamulika. Ukilinganisha wakati tenki zote tatu zilipomulika, unajua ilitoka upande gani. Mbili hazitoshi.

Zinatoka wapi? Hata wanasayansi hawajui. Akinyi amesubiri moja kubwa miaka mitatu.

Sasa Alhamisi jirani alikuwa na matanga. Kina mama wanapika, mfereji ukakauka. Na huku kwetu huwezi kunyima watu wa matanga maji. Saa tano, jua kali, mathe, mama yangu, akafungua kifuniko cha tenki yetu wachote. Mwangaza ukachoma sensor.

Saa nane chembe ikaja. Kubwa kuliko zote tulizowahi kuona.

Tenki mbili zilimulika. Yetu ilikuwa inachotwa kwa ndoo.

Akinyi alifika, akaangalia laptop, akakaa kwenye nyasi. Hakunigombeza. Hiyo iliniuma zaidi.

Mathe akaniuliza, "Ati nikatae na maji na tank iko full? Wewe uliniambia ni ya nini?"

Nilikuwa nimemwambia tu ni mambo ya university, asiguse. Nilidhani hataelewa. Siku hiyo nilimweleza, akaelewa kwa dakika tano.

Akamgeukia Akinyi. "Na hiyo ingine inakuja lini?"

"Mama, kubwa kama hiyo, pengine hatutakuwa hai."

Mathe akaketi kwenye nyasi kando yake. Sijawahi kumwona hivyo.

Funzo nimepata: waelezeni watu wa nyumbani kazi yenu. Kitu kimesafiri pengine kutoka nje ya galaksi yetu, kikafika salama hadi anga ya Gatitu, nami nikakipoteza kwa uvivu wa dakika tano.

Nitukaneni hapo chini, nitasoma zote.